Njia Wanazozijua Abiria Wazoefu Zisiwe Siri

Mwanzoni mwa Februari 2014 wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi jijini London waligoma kwa saa 48, wakipinga mpango wa kufunga madirisha ya kukatia tiketi na kupunguza ajira. Vituo vingi vilifungwa, vingine vikaendelea na kazi, na watu waliozoea njia ileile miaka nenda miaka rudi wakajikuta wanapiga hesabu upya: nishukie wapi, nibadilishe treni gani, nitembee kutokea kituo kipi. Mgomo ukaisha, vituo vikafunguliwa, treni zikarudi kwenye ratiba yake. Baadhi ya abiria, hata hivyo, hawakurudi kwenye njia zao za zamani.

Wachumi watatu, Shaun Larcom, Ferdinand Rauch na Tim Willems, walichukua kumbukumbu za kadi za nauli za Oyster wakalinganisha safari za kabla ya mgomo na za baada yake. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2017 katika jarida la The Quarterly Journal of Economics. Waliona kwamba takriban asilimia 5 ya abiria wa kila siku walibaki na njia mpya walizolazimishwa kuzijaribu. Hao hawakuwa wageni wa jiji. Walikuwa watu wanaokwenda kazini kila asubuhi kwa saa ileile, wenye kila sababu ya kutafuta njia iliyo bora, na bado ilibidi wafungiwe kituo ndipo waipate. Kwa hesabu za watafiti hao, muda waliouokoa hao wachache, ukijumlishwa siku baada ya siku, uliuzidi muda uliopotezwa na wote katika siku mbili za usumbufu.

Msongamano wa vituo vya chini ya ardhi huzungumzwa kama tatizo la idadi: watu wengi, nafasi ndogo, basi chimbeni zaidi. Kuchimba kunahitajika, nami nitafika huko. Lakini asilimia 5 ile inatuambia kwamba sehemu ya msongamano inatokana na kutojua. Kuna abiria aliyebanwa kwenye jukwaa lililofurika ilhali njia nyingine ipo, ila hakuna aliyemwonyesha, na kuitafuta mwenyewe kuna gharama. Ukijaribu njia mpya Jumatatu asubuhi ikakupoteza, unafika kazini umechelewa, na mkate wa wengi hauvumilii majaribio ya namna hiyo. Kwa hiyo watu hubaki na njia ya kwanza waliyofundishwa, hata kama ni mbaya, kwa sababu ubaya wake wanaujua.

Ramani nayo ina mchango wake. Ramani ya London inayojulikana dunia nzima ilichorwa mwaka 1931 na Harry Beck, mchoraji wa michoro ya umeme, ikatolewa kwa umma mwaka 1933. Beck aliachana na umbali halisi. Alinyoosha mistari, akapanua katikati ya jiji, akabana pembezoni, akaweka vituo kwa nafasi zinazokaribia kulingana. Kwa kazi ya kumwonyesha mtu abadilishie wapi treni sijaona iliyoipita, na miji mingi imeiga mtindo wake. Kasoro yake ni kwamba haimwambii msomaji ni vituo gani vimekaribiana kiasi cha kutembea. Zhan Guo, mtafiti wa Chuo Kikuu cha New York, alichapisha mwaka 2011 uchunguzi ulioonyesha kwamba katika kuchagua njia, umbali unaoonekana kwenye ramani huwashawishi abiria wa London karibu mara mbili ya muda halisi wa safari. Nao wachumi wa mgomo walipochunguza ni maeneo gani yalihamisha watu wengi zaidi, waliona ni yale ambayo ramani inapotosha umbali kuliko kwingine.

Mfano ulio wazi ni Covent Garden. Kituo hicho hakina ngazi za umeme. Ukishuka kwenye treni ya Piccadilly unafuata mkondo wa watu hadi mbele ya lifti, unasimama bega kwa bega na wenye masanduku, mlango unafunguka, wanaingia waliotangulia, unafungwa, unasubiri inayofuata. Anayechoka kusubiri hukimbilia ngazi za kuzunguka, vidato 193, na tangazo la hapo chini linamwonya kwamba ni sawa na kupanda jengo la ghorofa 15. Leicester Square, kituo cha jirani, kiko mita kama 260 tu, umbali mfupi kuliko wote kati ya vituo viwili vinavyofuatana katika mtandao mzima, na chenyewe kina ngazi za umeme. Mtu aliyekuja kwa njia ya Northern akishukia Leicester Square na kutoka nje moja kwa moja, mara nyingi atakuwa amefika Covent Garden kwa miguu kabla mwenzake, aliyebadilisha treni kwa ajili ya kituo kimoja, hajaingia kwenye lifti.

Mamlaka ya usafiri ya London inalijua jambo hili. Novemba 2015 ilitoa ramani yenye dakika za kutembea kati ya kituo na kituo, na mwaka uliofuata ikatoa nyingine yenye idadi ya hatua. Naziheshimu sana karatasi hizo. Tatizo ni kwamba zilitolewa kama nyongeza kwa anayejua kuzitafuta, wakati ramani ya Beck inamkabili kila mtu ukutani na ndani ya behewa. Aliye nje ya mazoea ndiye anayeihitaji zaidi ramani ya kutembea, na ndiye asiyejua kama ipo.

Wala si kwamba reli haina taarifa. Kadi ya nauli inajua ulikoingia na ulikotokea, lakini ulipopita katikati ilikuwa ni kubahatisha. Mwishoni mwa 2016 mamlaka hiyohiyo ilifanya jaribio la wiki nne katika vituo 54, ikifuatilia mawimbi ya waifai ya simu za abiria bila kuwatambua wenyewe. Iliona kwamba kutoka King's Cross St Pancras hadi Waterloo watu hutumia njia 18 tofauti. Njia kumi na nane kati ya vituo viwili! Ina maana abiria wamekwisha kuifanya kazi ya kupima na kulinganisha, kila mmoja kwa jasho lake, na reli imekwisha kuyaona matokeo. Kilichobaki ni kuyarudisha kwa wale ambao bado wanasukumana kwenye njia mbili tatu zinazojulikana.

Hapa pana jambo la kuchunga, kwa sababu si kila ujanja wa abiria unapunguza msongamano. Mtazame mzoefu anapofika jukwaani. Hasimami pale alipoingilia. Anatembea kando ya ukuta huku wengine wamesongamana mlangoni, anafika mahali asipoona mtu mwingine sababu ya kusimama, anatulia. Treni ikifika, mlango unafunguka mbele yake. Mwisho wa safari, mlango huohuo unafunguka mkabala na ngazi za umeme, naye anakuwa juu kabla umati haujajipanga. Programu za simu kama Citymapper zimeligeuza jambo hilo kuwa huduma: zinakuelekeza upande mbele, katikati au nyuma. Kwa mtu mmoja ni dakika kadhaa zimeokolewa. Wakijua wote, behewa lile moja linafurika, mlango unachelewa kufungwa, treni inachelewa kuondoka, inayofuata inasubiri ndani ya handaki, na huku nyuma mabehewa mengine yanakwenda na nafasi.

Ndivyo ilivyo pia kwa anayepanda treni ya kurudi nyuma kituo kimoja au viwili, ili aipate ya kwenda mjini ikiwa bado tupu na akae. Simlaumu, hasa kama vinginevyo angesimama safari nzima. Lakini hajapunguza kitu: ameongeza safari, na kiti alichokalia kingekuwa cha aliyekuwa akingoja kwenye kituo kilekile alichotoka. Kuna ujanja unaoondoa mtu kwenye msongamano na kuupunguza, na kuna unaomwondoa yeye tu na kuwaachia wengine mzigo uleule au mzito zaidi. Anayetembea kutoka Leicester Square ni wa kundi la kwanza. Anayebana mlango mmoja wa treni ni wa kundi la pili. Sera ya reli ingepaswa kuanzia kwenye tofauti hiyo, na kwa sehemu kubwa haianzii hapo.

Jaribio la Holborn lilionyesha jinsi faida ya mmoja na ya wote zinavyoweza kuachana. Kwa wiki tatu mwishoni mwa 2015, abiria wa kituo hicho waliombwa wasimame pande zote mbili za ngazi za umeme, badala ya desturi ya kusimama kulia na kuwaachia kushoto wanaotembea. Anayetembea hufika juu mapema, hilo halina ubishi. Lakini ngazi za Holborn zinapanda zaidi ya mita 23, wanaokubali kuzipanda kwa miguu ni wachache, kwa hiyo upande wa kushoto ulikuwa ukienda nusu mtupu huku foleni ya kulia ikirudi nyuma hadi kwenye njia za kupitia. Watu waliposimama pande zote, ngazi zilibeba abiria zaidi kwa takriban asilimia 30. Jaribio likarudiwa kwa miezi sita mwaka 2016, na wapo waliolichukia wazi, kwa sababu walinyang'anywa kitu walichokiona ni haki yao. Halikufanywa kanuni. Nadhani lilistahili kuendelea kwenye ngazi ndefu, angalau saa za msongamano, kwani foleni ya chini inapofika jukwaani si kero tena, ni hatari.

Mwaka 1952 Mwingereza John Glen Wardrop aliandika kuhusu barabara za magari kitu ambacho wapangaji wa usafiri bado wanakitumia. Kila mtu akichagua njia iliyo bora kwake, mwishowe njia zote zinazotumika zinalingana muda, na hakuna anayefaidika kwa kuhama peke yake. Ila hali hiyo si lazima iwe ndiyo inayopunguza jumla ya muda wa watu wote. Ndiyo sababu ya vituo vikubwa kuwa na vibao visivyomwelekeza mtu kwenye njia fupi. Pale King's Cross, tangu ukumbi wa kaskazini ufunguliwe mwaka 2009, mgeni anayefuata vibao hutembea zaidi kuliko mwenyeji anayezijua kona zake. Wenyeji huvikejeli vibao hivyo. Mimi navitetea, kwa kuwa njia fupi ingemeza umati wote na kuziba. Ningetaka tu vibao viseme ukweli: hii ni ndefu ila ina nafasi, ile ni fupi ila imejaa. Mtu mzima akiambiwa sababu huchagua vizuri zaidi kuliko anapoongozwa bila kujua, na akigundua baadaye kwamba alizungushwa hataviamini vibao siku ya dharura.

Kuna maarifa mengine yasiyomdhuru yeyote yakisambazwa. Njia ya Elizabeth, iliyofunguliwa Mei 2022, ina treni za zaidi ya mita 200, na baadhi ya vituo vyake vina milango miwili iliyo mbali sana. Jukwaa la Liverpool Street linatokea Liverpool Street kwa upande mmoja na Moorgate kwa upande wa pili. Farringdon inatokea Farringdon na pia Barbican. Anayejua hutoka upande ulio karibu na anakokwenda, na kwa kufanya hivyo anapunguza watu kwenye upande mwingine. Asiyejua hupanda na wengi, kisha hutembea barabarani kurudi alikotoka. Hapo kumwelekeza abiria kunamsaidia yeye na kituo kwa pamoja. Vivyo hivyo kwa skrini zilizo ndani ya treni za Thameslink, reli inayokatiza London kutoka kaskazini hadi kusini, zinazoonyesha ni mabehewa yapi yana nafasi: tofauti na ushauri wa kupanda behewa lililo karibu na ngazi, zenyewe zinawatawanya watu.

Kukwepa kwa saa badala ya njia kuna historia yake. Juni 2013 Singapore ilifanya safari kuwa bure kwa aliyetokea kwenye vituo 16 vya katikati ya jiji kabla ya saa 1:45 asubuhi. Takriban asilimia 7 ya waliokuwa wakisafiri saa za msongamano wakajisogeza mapema. Mpango huo uliendelea hadi mwisho wa 2017, ukafuatiwa na punguzo la hadi senti 50 katika vituo vyote. Asilimia 7 si haba, kwa sababu jukwaa lililojaa huwa linaelemewa na hao wachache wa mwisho. Lakini hata bure haikuwahamisha wengi, na sababu haiko kwenye nauli. Saa ya kuingia kazini haipangwi na abiria. Tokyo, ambako wafanyakazi wa stesheni walijulikana kwa kuwasukuma watu ndani ya mabehewa, serikali ya jiji ilianzisha Julai 2017 kampeni ya Jisa Biz, ikizihimiza kampuni zilegeze saa za kazi. Naona walilenga mahali panapotakiwa. Kumwambia muuguzi wa zamu au mfagizi wa ofisi asafiri saa nyingine ni kumpa ushauri ambao mwajiri wake hajautia saini.

Nauli ikipangwa vizuri inaweza kuipa njia ya kuzunguka uzito wake. London ina mfano wa kuigwa na kasoro ya kuepuka, vyote katika kifaa kimoja. Tangu Desemba 2012 treni za Overground, ambazo nyingi hupita juu ya ardhi, zinauzunguka mji wote bila kulazimika kupita katikati, na anayezunguka hivyo hulipa kidogo kuliko anayepita kanda ya kwanza ya nauli, yaani katikati ya jiji, iliyo ndiyo yenye msongamano mkubwa. Lakini kwa safari nyingi mfumo unadhani umepita katikati mpaka uguse kadi kwenye kifaa cha rangi ya waridi kilichosimama kwenye vituo vya kubadilishia, kama Highbury & Islington au Canada Water. Usipogusa, unatozwa nauli ya njia ambayo hukupita. Yaani abiria ameuondolea mji mzigo, halafu ni juu yake kuuthibitisha. Mzoefu haachi kugusa. Mgeni hupita kando ya kifaa akidhani hakimhusu. Hili ni la kurekebishwa mapema, kwa matangazo ya sauti kwenye majukwaa hayo na maandishi yanayotaja tofauti ya nauli waziwazi.

Kuhusu kutembea, sheria za nauli zimesogea mbele kidogo. Kuna jozi za vituo ambako ukitoka kimoja na kuingia cha jirani ndani ya muda uliowekwa, safari inahesabiwa kuwa moja. White City na Wood Lane ni mfano. Ningependa jozi hizo ziongezwe popote ambapo kutembea kunaweza kuwaepusha watu na kituo kilichoelemewa, na ziandikwe kwenye ramani kuu. Mtu hataki kulipa mara mbili kwa sababu ametumia miguu yake.

Na wapo ambao hakuna hata moja kati ya haya linalowafaa. Anayetumia kiti cha magurudumu, mama mwenye kigari cha mtoto, mzee anayepumzika kila hatua kumi, hao hawawezi kushuka kituo cha kabla na kutembea, wala kukimbilia vidato 193. Njia zao tayari ni chache, kwa sababu takriban theluthi moja tu ya vituo 272 vya London ndivyo vinavyofikika bila ngazi. Vituo hivyo vikijaa, hawana pa kukwepea, na kila abiria mwenye nguvu anayehamia njia nyingine huwa amewaachia nafasi, ajue au asijue. Hii kwangu ndiyo sababu kubwa ya kutaka siri za wazoefu ziwe za wote.

Ndiyo sababu pia kuchimba hakukwepeki. Kituo cha Bank kilifanyiwa kazi kubwa: lilichongwa handaki jipya la treni za kwenda kusini, tawi la njia ya Northern likafungwa kwa wiki 17 mwaka 2022 ili liunganishwe nalo, na jukwaa la zamani likageuzwa ukumbi wa kupitia watu. Uwezo wa kituo uliongezeka kwa asilimia 40 kwa gharama ya takriban pauni milioni 700, na lango jipya la Cannon Street likafunguliwa mapema 2023. Hakuna ramani ya kutembea ambayo ingefanya hayo. Lifti mpya zinamshusha mwenye kiti cha magurudumu hadi kwenye majukwaa ya Northern. Majukwaa ya njia ya Central, ndani ya kituo hichohicho, hayakuguswa na lifti hizo, na ningeanzia hapo kama ningeulizwa pauni zinazofuata ziende wapi.